Kompyuta Isiyonguruma ya Maalim Omari

Wajukuu zangu, na ninyi vijana wengine mnaokuja barazani kwangu kuchaji simu, mmekwisha kuniuliza mara nyingi kwa nini siwezi kukaa kitako. Mnasema babu huyu kila dakika tano ameinuka, ameenda kugusa redio, kugusa televisheni, kugusa lile dude la king'amuzi, kaweka kiganja juu kama anayempima mtoto homa. Ni kweli. Mmekicheka pia kitambaa changu cheupe cha kudarizi, chenye tundu katikati, kilichoandikwa kwa uzi mwekundu NIACHE NIPUMUE. Mmoja wenu aliuliza kama nilikipata mnadani kwa bei ya hasara kwa kuwa kimetoboka.

Sikukipata mnadani. Nilipewa na Bi Mwanaidi wa Mbuchi, na tundu lile alilikata mwenyewe kwa mkasi, akalizungushia uzi. Kaeni niwasimulie. Na mimi nitajitahidi kukaa.

Mnanijua kama mstaafu, lakini mkono wangu haujastaafu. Nimekuwa fundi hapa Kibiti tangu siku za redio za mbao. Zamani mtu alikuwa na redio moja, akifa anairithi mwanawe, na mimi naitengeneza kwa baba na kwa mtoto. Kisha biashara ikafunguliwa. Ghafla kila gari lililotoka Dar lilikuwa na maboksi juu: televisheni, deki, redio zenye majina yaliyopishana herufi moja tu na majina tuliyoyajua. Watu walinunua kwa macho. Walitazama mbele ya kifaa, penye taa na vitufe, nyuma hawakutazama kabisa.

Aliyenifundisha kutazama nyuma ni marehemu Fundi Mbwana wa Ikwiriri. Alikuwa mkali, mwenye kikohozi, na alipenda kunipiga kofi la kisogo kwa bisibisi ya mpini wa mpira. Alikuwa akisema, "Saidi, mgeni akija kwako humwulizi kwanza anajua kufanya nini. Jiulize atakula nini, halafu kaangalie sufuria yako." Maana yake, kabla hujasifu kifaa, geuza, soma kile kibandiko cha nyuma kinasema kinakula wati ngapi. Mimi nilimwitikia kila siku, ndiyo fundi, ndiyo fundi, na nilichelewa sana kumwelewa.

Kwa mfano, kuna bwana mmoja wa Mkongo alifungua kibanda cha video. Kanunua televisheni kubwa kuliko dirisha la kibanda chenyewe, deki, na jenereta la kuvilisha vyote viwili. Jenereta kaliweka nyuma ya ukuta wa makuti. Sinema ikianza, unaona midomo inacheza, unachosikia ni jenereta tu. Akaweka kijana wa kupaza sauti na kuwaeleza watu nani kampiga nani, na baada ya mwezi watu wakawa wanakuja kumsikiliza yule kijana, picha hawaitazami. Mwenye kibanda akaniita niondoe kelele. Nikajiona nina akili. Nikalipeleka jenereta mbali, kule kwenye migomba, nikavuta waya mwembamba uliokuwa umebaki dukani. Kelele ikaisha. Tukawasha, na picha ikajikunja katikati ya kioo, ikabaki kama leso. Umeme ulikuwa umeishia njiani. Waya ukiwa mrefu lazima uwe mnene, hilo liandikeni. Watazamaji walidai walichotoa mlangoni, na mimi niliondoka kwa kupitia hukohuko kwenye migomba.

Basi ndiye fundi aliyefuatwa na Maalim Omari. Mjue kwamba hakuletewa bingwa.

Maalim alikuwa mwalimu wa madrasa kule Mbuchi, mtu mrefu, kanzu yake safi hata akishuka kwenye boti. Alikuwa na sauti ambayo watu wa vijiji vya delta waliijua kabla ya kumjua mwenyewe. Alitunga kaswida saba, maneno yake na mahadhi yake. Kisha koo likaota uvimbe. Wakampasua mjini, uvimbe ukatoka, na sauti ikaenda nao. Siku alipokuja dukani kwangu nilimwambia shikamoo, naye akainua kiganja tu. Kiganja kile ndicho kilikuwa marahaba yake.

Alikuja na mkewe, Bi Mwanaidi, mama mfupi mwenye maneno ya haraka, aliyesema kwa niaba ya wawili. Maalim alibeba kibao cha shule na chaki. Bi Mwanaidi alibeba kanda ya video, kaifunga kwenye kanga kama kitoto.

"Fundi," alisema, "humu ndani yumo Maalim anasoma Maulidi, miaka hiyo ana koo lake. Zote saba zimo. Maneno tunayo daftarini. Lakini mahadhi utayaandikaje? Watoto wa madrasa wanayakosea, kila mmoja anavuta kwake. Na Mfungo Sita unaokuja, mwezi wa Maulidi, ni zamu ya Mbuchi kusoma, vijiji vyote vitakuja. Wakisoma ovyo mbele za watu, basi ndiyo yamekwenda. Kila mtu atazisoma atakavyo yeye."

Maalim akaandika kibaoni, akanigeuzia: *Nataka wanisikie.*

Nikaitia kanda kwenye deki. Aliyepiga picha alikuwa amesimama mbali, upande wa wanawake, kwa hiyo sauti ilikuwa ndogo, ilibidi uinamie. Na kanda yenyewe ilikwisha kuota ukungu, vidoa vyeupe kama mkate uliolala. Unyevu wa Mbuchi ule, na chumvi yake. Nikawauliza watafundishaje. Maalim akanyoosha kidole, akarudisha, akanyoosha, akarudisha, mara kumi: mstari mmoja, tena, tena, mpaka mtoto ashike. Nikajua kanda haitafika mwezi. Kila ukiirudisha nyuma deki inailamba kidogo.

"Hii inataka kompyuta," nikasema. "Ikishaingia humo, unarudia hata mara elfu, haichakai."

Nilisema kwa uhakika kabisa. Kompyuta nilikuwa nimeziona tatu maishani, na sikuwahi kumiliki hata moja.

Nilikwenda Kariakoo. Duka moja wakanihamishia ile kanda kwenye diski ya kompyuta, na katika kuihamisha kanda ikakatika mara mbili. Walipomaliza wakanirudishia kitu kama utumbo wa samaki. Kwa hiyo sasa Maalim alikuwa mahali pamoja tu duniani. Lilinipita kichwani lile jambo, nikasema nitatengeneza nakala nyingine nikifika nyumbani. Nilinunua sahani tupu za CD za bei rahisi, zikakataa kuandika, nikasema wiki ijayo. Vijana, wiki ijayo ndiyo iliyoniua.

Kompyuta ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya mtumba, lile sanduku kubwa la rangi ya maziwa yaliyolala, na kioo chake kizito cha kukunja mgongo. Nilivutiwa na mbele yake. Dukani kwangu ilifanya kazi vizuri, barabara ina kelele zake, sikusikia kitu. Nikaipakia kwenye gari la njia ya Ruaruke, kisha boti, nikaifikisha Mbuchi. Nyumba ya Maalim ilikuwa na paneli moja ya jua na betri mbili za gari. Nikafunga inveta, watoto wakakaa mkekani, nikawasha.

Ilinguruma. Feni ya nyuma, feni ya ndani, na inveta nayo ina mluzi wake. Sauti ya Maalim ilikuwa huko ndani mahali fulani, haisikiki. Maalim akatega sikio kwa kiganja, akasogea, akasogea tena, mpaka akawa ameweka kichwa kwenye spika.

"Fundi," Bi Mwanaidi alisema, "umetuletea kinu cha kukobolea mpunga?"

Watoto wakacheka mpaka wakaanguka. Kabla ya kaswida ya tatu inveta ikaanza kulia kwamba betri zimekwisha, na kila kitu kikazima. Maalim hakucheka. Alitazama kile kioo cheusi kwa muda, kisha akachukua daftari lake na kutoka nje.

Nililibeba lile sanduku nikarudi nalo. Kwenye boti kuna abiria aliniuliza kama nauza friji. Njia nzima nilikuwa na hasira, sijui na nani. Kwa mwezi mzima sikulala usingizi wa haki. Nikila, nawaza. Nikiswali, Mungu anisamehe, nahesabu wati.

Ndipo lile neno la Fundi Mbwana lilipofunguka, baada ya miaka yote ile ya kofi la kisogo. Nilikuwa nalihangaikia tatizo la kelele, na tatizo la betri, nikadhani ni mawili. Ni moja. Kinachokula sana hupata joto. Kinachopata joto hutaka feni. Feni ndiyo kelele. Usipigane na kelele kwa kuweka godoro ukutani. Punguza chakula, na vingine vitajipunguza vyenyewe. Mimi nilikuwa nimemwalika mla sufuria nzima kwenye nyumba yenye kikombe kimoja cha unga.

Nikarudi Kariakoo, safari hii nikapita maduka ya mbele, nikaingia uchochoroni walikolundika kompyuta za mapajani zilizovunjika vioo. Nikafikiri hivi: aliyetengeneza ya mapajani alikuwa anaogopa betri kuisha, kwa hiyo kila kitu ndani yake kimefundishwa kula kidogo. Muuzaji, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, alinishangaa.

"Mzee wangu, hiyo imekufa kioo. Utaangalia nini?"

"Sitaiangalia. Nitaisikiliza."

"Basi chukua hii nyingine, ina spidi kinoma."

"Spidi nipeleke wapi? Kaswida hazikimbii."

Nikachukua iliyokuwa ya polepole kuliko zote, lakini yenye tundu la kupeleka picha kwenye televisheni. Ilikula wati chini ya ishirini. Televisheni nikatafuta ndogo, ya inchi kumi na nne, ile yenye waya mbili, mmoja wa ukutani na mmoja wa betri. Inveta nikaitupa kabisa. Betri ya gari ni umeme wa aina moja, inveta inaugeuza kuwa wa ukutani, kisha chaja ya kompyuta inaugeuza tena kuurudisha. Ni sawa na kumimina uji kutoka sufuria moja kwenda nyingine, na kuurudisha. Kila ukimimina, mwingine unabaki pembeni. Nikaunda kifaa kidogo cha kutoa umeme kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye kompyuta, na ule mluzi nao ukaondoka.

Ilibaki feni yake ndogo, iliyokuwa imechakaa inakwaruza. Niliitia mafuta ya cherehani, ikanyamaza siku mbili, ikaanza tena. Nikaing'oa. Penye feni nikaweka bamba nililokata kwenye mfuniko wa sufuria, nikalikaza juu ya ile shaba inayobeba joto, likatokeza nje kama sikio. Mke wangu, Mungu amrehemu, alipika wali kwa kufunika sahani siku tatu kabla hajagundua mfuniko wake umekwenda wapi. Diski yenye kaswida niliing'oa kwenye lile sanduku kubwa, nikailaza humu juu ya vipande vya tyubu ya baiskeli ili isigonge bati. Kompyuta yenyewe nikaipunguza kasi zaidi. Nikaiwasha dukani mchana kutwa, nikiwa nimeweka kiganja juu ya mfuniko. Ilikuwa ya moto wa kikombe cha chai, si zaidi.

Kulikuwa na kero moja. Saa nane za jua kali ilikuwa inajizima yenyewe katikati ya mstari. Ina kinga yake hiyo, ikiona joto limezidi inajikata. Nikawaza watoto wamekaa, Maalim amenyoosha kidole, mashine inajizima. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaitoa ile kinga. Nikajiambia nyumba ya Maalim ina upepo wa bahari.

Siku niliyoifunga Mbuchi ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Watoto kama ishirini mkekani, mbele yao binti mmoja wa miaka kumi na moja hivi, jina lake Rukia, mwembamba, anayeuliza kila kitu. Nikabonyeza. Hakuna aliyejua kama imewaka. Kimya. Mpaka picha ikatokea, na kutoka kwenye ule ukimya sauti ya Maalim ikaanza, ndogo, lakini kila kitu ndani yake kinasikika, hata pale anapomeza mate.

Bi Mwanaidi alijifunika uso kwa ukaya. Maalim alikaa wima, midomo yake inafuata midomo ya kwenye kioo.

"Maalim," Rukia aliuliza, "ndiyo wewe?"

Akatikisa kichwa kwamba ndiye.

Sijawahi kupata furaha kama ile kwenye kazi, na nasema wazi. Nilikaa siku mbili nikawafundisha kuwasha, kurudia, kuzima. Niliwaambia habari za vumbi, za sisimizi wanaopenda kuzaa kwenye vifaa, za chumvi. Na wakati naaga, Bi Mwanaidi alikuwa anatandika juu ya televisheni kitambaa kikubwa cha kudarizi, maua ya kijani na maneno Karibu Mgeni. Nilikiona. Nikasema, "Mashallah Bi Mwanaidi, una mkono." Nikapanda boti.

Kila nyumba huku kwetu inafunika. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, mtungi una wake. Mtu akikuta redio uchi anauliza mwenyewe kasafiri? Mimi mwenyewe nililelewa kwenye nyumba ambayo kufunika kifaa kilichopumzika ni adabu. Nilikuwa najua, kuliko mtu yeyote Rufiji nzima, kwamba mashine ile inapumua kwa mfuniko wa sufuria tu. Na sikusema.

Barua ilinifikia zimebaki wiki tatu kufika Maulidi, imeletwa na mwenye boti. Ilikuwa na mwandiko wa Maalim: *Fundi, mashine imekufa. Njoo.*

Nilipofika, kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti. Maua yalikuwa ya kijani bado, lakini katikati palikuwa na alama ya kahawia, umbo la mfuniko wangu.

"Ni mkono wangu, Fundi," Bi Mwanaidi alisema. Safari hii maneno yake hayakuwa ya haraka. "Alhamisi tumemaliza somo, madrasa imefungwa mpaka Jumamosi. Nimezima televisheni. Hii mashine haingurumi, haina taa. Nikasema imelala. Nikaifunika vumbi lisiingie. Jumamosi nafunua, inanuka kama pasi."

Ilikuwa haijalala. Lile sanduku la kwanza, la kukoboa mpunga, asingelisahau hata angetaka. Mimi nilimpa mashine isiyotofautiana kwa chochote ikiwa macho au usingizini, nikaondoa kinga yake, nikaacha kumwambia. Na yeye sasa amesimama mbele yangu anajilaumu. Maalim yuko mlangoni na kibao chake, anasubiri nitakachosema.

Nikasema, "Nitajaribu." Basi. Nikachukua mashine, nikaondoka, na lawama nikamwachia mama wa watu.

Hiyo ndiyo sehemu ninayoichukia. Makosa ya waya nimefanya mengi na nayacheka. Hili la kunyamaza lilinikalia kifuani njia nzima. Kwenye boti sikukaa, mwenye boti akanikaripia kwamba nitawazamisha watu.

Kibiti niliitoa diski. Ya mapajani yenyewe ilikuwa imeungua, haina dua. Diski ilikuwa hai nusu: inaanza kuzunguka, inagonga ta, ta, ta, inasimama. Nikalirudia lile sanduku kubwa nililolidharau, lililokuwa linawekewa vikombe vya chai, nikaifunga diski humo. Likanguruma kwa nguvu zake zote na nikalishukuru. Nikagundua diski ikiwa baridi inasoma kidogo, ikipata joto inakwama. Basi nikaweka feni ya mezani ikaipuliza, nikawa naitoa inapochoka, naifunga kwenye mfuko wa nailoni usioingia unyevu, naiegemeza kwenye mtungi wa maji mpaka itulie, nairudisha. Vipande vipande. Siku nane. Sikufungua kazi ya mtu mwingine, wateja wakaja wakagombana nami wakaondoka. Kila kipande kilichotoka nilikinakili mara tatu, mahali patatu, nikiwa kama mwendawazimu anayehesabu vidole vyake.

Zilitoka kaswida sita kamili. Ya saba, ile ya kuupokea mwezi wa Mfungo Sita, ambayo ndiyo ya kufungia Maulidi, ilitoka mpaka beti ya nne. Baada ya hapo diski ikagonga mara moja na haikuzunguka tena. Beti tatu zikabaki humo. Nimeihifadhi mpaka leo, ile pale juu ya kabati.

Nikanunua nyingine ya mapajani, kwa jasho langu. Nikaweka mfuniko mwingine, mkubwa zaidi. Kinga ya joto sikuigusa. Na mbele nikatoboa, nikaweka taa ndogo ya kijani inayowaka muda wote mashine ikiwa macho. Taa ile haili chochote cha kutaja. Ningeiweka tangu mwanzo, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Nilifika Mbuchi alasiri, zimebaki siku nne. Watoto walikuwa mkekani tayari. Kabla sijafungua begi nikasema mbele yao wote, maana nilijua nikikaa nitanyamaza tena: "Maalim, si mkono wa Bi Mwanaidi. Ile mashine ilikuwa haitakiwi kufunikwa, na ilikuwa na kitu cha kujiokoa nikakitoa. Kitambaa nilikiona siku ile naondoka."

Maalim akaandika taratibu. Chaki ilikuwa inalia. Akanigeuzia: *Ulijua?*

"Nilijua."

Akanitazama. Hajawahi kunitazama vile mtu, hata Fundi Mbwana. Kisha akafuta kibao kwa mkono wa kanzu, yeye aliyekuwa msafi vile, akaniashiria niwashe.

Bi Mwanaidi aliinuka akanisogezea kiti. Nikamwambia nitasimama.

Ya kwanza mpaka ya sita zilikwenda vizuri. Ikafika ya saba. Beti ya kwanza, ya pili. Nilikuwa naangalia sakafu. Ya tatu. Nilikuwa nimewaambia kwamba mwisho haupo, lakini kuambiwa ni kitu kimoja. Beti ya nne ikaisha, Maalim wa kwenye kioo akavuta pumzi, bega likainuka, na picha ikaganda hapo hapo, mdomo wazi.

Mashine niliyoitengeneza ikae kimya ilikaa kimya sawasawa.

Rukia alianza. Hakuambiwa. Alivuta pumzi ileile, bega likainuka vilevile, akaingia beti ya tano kwa sauti yake nyembamba, macho yameelekea kioo kana kwamba bado kinacheza. Wa nyuma yake wakadaka. Walikuwa wamekwisha kuirudia miezi miwili, kila siku mara kumi, kabla ya lile kosa langu. Kwenye mstari wa pili wa beti ya sita Maalim akagonga fimbo sakafuni. Wakasimama. Akainua kidole juu, akakivuta polepole kushoto. Rukia akarudia, akaivuta ile sauti kama alivyovuta kidole. Maalim akatikisa kichwa: hivyo. Wakaendelea.

Mfungo Sita walisoma, na watu wa vijiji vyote wakasikia. Kitambaa chenye tundu kililetwa kwangu baada ya hapo; Bi Mwanaidi alidarizi viwili vya aina moja, akabaki na kimoja. Lakini mimi bado nimesimama kwenye ile alasiri. Ndiyo maana sikai. Ndiyo maana nagusa vitu vyenu vyote visivyo na kelele, simu zenu zilizofichwa chini ya mito.

Watoto walikuwa kwenye beti ya saba Maalim aliponigeuzia kibao. Kilikuwa na neno moja: *Zima.*

Nikazima. Taa ya kijani ikafa. Nikaweka kiganja juu ya mfuniko wa sufuria kuhakikisha. Ulikuwa bado una moto, na watoto walikuwa bado wanaimba.